Milingoti Haikuwa Ukaidi

Simulizi inayopendwa kuhusu manowari ndogo za enzi ya Malkia Victoria huenda hivi. Injini ya mvuke ilikwisha kuthibitika. Meli za abiria zilikuwa zikivuka Atlantiki kwa ratiba bila kungoja upepo. Lakini maamiri wa London, waliolelewa tangu utotoni juu ya foromali, walishindwa kuachana na matanga. Ndiyo maana, kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya vita vya Crimea, viwanda vya Sheerness na Devonport viliendelea kuunda vyombo vyenye dohani moja iliyosongwa kati ya milingoti mitatu, si merikebu kamili wala si stima kamili. Huku kwetu pwani simulizi hiyo ina mdogo wake: kwamba moshi uliushinda upepo, kwamba stima ya Mwingereza ililitawala jahazi kwa kuwa yenyewe haikungoja kusi wala kaskazi. Simulizi zote mbili zinalichukulia tanga la manowari kuwa pambo la kale lililosahauliwa juu ya mashine mpya. Zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: hazikuuliza makaa yalitoka wapi, wala yalitosha siku ngapi.

Tukitazame kwanza chombo chenyewe. Condor, iliyoshushwa majini Devonport mwishoni mwa 1876, inafaa kuwakilisha daraja lake: urefu futi 157, tani zisizofika 800, mzinga mmoja mzito wa inchi 7 na miwili ya ratili 64. Gannet, iliyoshushwa Sheerness mwaka 1878 na ambayo hadi leo inaonekana Chatham, ilihesabiwa daraja moja juu, slupu, ila ilichorwa chini ya msanifu mkuu yuleyule, Nathaniel Barnaby, na kwa mawazo yaleyale: urefu futi 170, tani 1,130, mizinga miwili ya inchi 7 na minne ya ratili 64, na injini ya kuipa mwendo wa noti 11 na nusu. Anayeitazama kwa haraka huona mbao na kamba, akaamua kwamba hiki ni chombo cha babu. Mbao zile, hata hivyo, zimefungwa juu ya mataruma ya chuma, na sababu yake inastahili kuelezwa. Chuma kitupu kikikaa katika maji ya joto huota mwani na chaza kwa miezi michache, chombo kikawa kizito kama kinachoburuta nanga. Dawa iliyojulikana tangu zamani ni kukivika chombo bamba za shaba. Tatizo ni kwamba shaba haipigiliwi moja kwa moja juu ya chuma, kwani metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi hugeuka betri, na kinacholiwa ni chuma. Wasanifu wa miaka ya 1860 wakapata njia: mifupa ya chuma kwa ajili ya nguvu, ngozi ya msaji juu yake, na shaba juu ya msaji. Muundo huo haukurithiwa kutoka kwa mababu. Ulikuwa mpya, na ulitungwa kwa ajili ya chombo kitakachokaa miaka mitatu au minne ugenini, mahali ambapo gudi la kukikwangua liko zaidi ya maili elfu moja. Aliyefikiri hivyo kuhusu sehemu iliyo chini ya maji hawezi kudhaniwa alilala usingizi alipofika juu ya sitaha.

Sasa makaa. Gannet na dada zake walibeba takriban tani 150, na kwa tani hizo waliweza kwenda maili za baharini karibu 1,480 kwa mwendo wa noti 10. Ukigawa, unapata saa 148, yaani siku sita na kidogo. Hicho ndicho kipimo halisi cha uwezo wa injini ile, na ndicho kinachokosekana katika masimulizi ya ushindi wa mvuke. Zamu ya kwanza ya Gannet ilikuwa bahari ya Pasifiki, na kutoka San Francisco hadi Honolulu peke yake ni zaidi ya maili 2,000. Huku kwetu, Aden hadi Unguja ni zaidi ya 1,600, na Unguja hadi Bombay inapita 2,000. Kwa mvuke mtupu, hakuna hata moja kati ya safari hizi tatu, zote za kawaida kwa chombo cha doria, ambayo Gannet ingeimaliza kwa mwendo huo. Ingeweza kupunguza mwendo ili makaa yadumu, kweli, lakini ingefika bandarini na ghala tupu, na kazi iliyoipeleka huko ndiyo kwanza inaanza. Wala makaa hayakuwa yakiota mahali yalipohitajika. Makaa bora ya manowari yalichimbwa kusini mwa Wales, na katika miaka hiyo sehemu kubwa ya yale yaliyopelekwa kwenye maghala ya mbali ilisafirishwa na merikebu za matanga, kwa kuwa zenyewe hazikuhitaji kula sehemu ya shehena yao njiani. Kila tani iliyoingia tanuruni mwa manowari katika Bahari ya Hindi ilikuwa imegharimiwa njia nzima kutoka Cardiff. Anayecheka kwamba stima ya kivita ilitundika matanga akumbuke kwamba stima hiyo ililishwa na tanga.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini nahodha wa Kiingereza alidaiwa maelezo kila alipowasha matanuru bila sababu ya wazi, na kwa nini katika vyombo vingi vya aina hii rafadha iliweza kuinuliwa kutoka majini, au mabawa yake kugeuzwa, ili isizuie chombo kinapokwenda kwa upepo. Hakuna mtu anayejisumbua kutengeneza kisima katika tezi ya chombo, pamoja na mitambo ya kuinulia rafadha ya shaba yenye uzito mkubwa, kwa ajili ya matanga ya mapambo. Muundo wenyewe unakiri kwamba safari ilikuwa kazi ya tanga, na injini ilikuwa akiba: ya kuingia na kutoka bandarini, ya kupita kwenye shwari, ya kwenda kinyume cha upepo unapokataa, na ya mbio za mwisho. Tanga la manowari lilikuwa la foromali, na halikufua dafu mbele ya upepo wa omo. Injini ilikuwepo kuziba pengo hilo. Kila kimoja kilifidia udhaifu wa mwenzake, na mchoro wa chombo ulipanga hivyo makusudi.

Doria ya pwani ya Afrika Mashariki na Uarabuni ni mahali pazuri pa kuijaribu hoja hii, kwa kuwa kazi yenyewe ilipangwa na musimu. Majahazi yaliyobeba watumwa kwenda kaskazini yalingoja kusi, kama majahazi yote. Manowari zilizotumwa kuyazuia hazikuwa na haja ya kuyafukuza bahari nzima. Zilikwenda kukaa kwenye milango, karibu na Socotra, Ras Fartak na Ras al-Hadd, wakati ambapo upepo ungeyaleta majahazi yenyewe. Kukaa mlangoni wiki baada ya wiki ni kazi ambayo injini haiifai hata kidogo, kwani tanuru linalowekwa tayari hula makaa hata chombo kisiposogea. Tanga linaweza kusubiri bila kula. Jahazi likionekana, ndipo mvuke unapopandishwa, au, mara nyingi zaidi, mashua zinashushwa. Katika vijito vya Pemba na visiwa vya Lamu, ambako chombo chenye kina cha futi zaidi ya kumi hakingethubutu kuingia, kazi yote ilifanywa na mashua za makasia na tanga. Ndiyo maana mwaka 1874 Waingereza walileta Unguja meli ya zamani, London, ya mwaka 1840, wakaiegesha iwe ghala na kituo cha mashua. Doria ya Pemba iliendeshwa na mabaharia wachache ndani ya mashua, mbali na mizinga ya inchi 7. Nahodha Charles Brownrigg, aliyeuawa karibu na Pemba Desemba 1881, alikuwa kwenye mashua ndogo ya mvuke, akilikabili jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Mvuke wake haukumlinda.

Katika hilo kuna jambo ambalo wanaoisifu doria ile hawapendi kuligusa. Nahodha anayehesabu makaa hana hamu ya kukokota jahazi alilolikamata kwa mamia ya maili hadi mbele ya hakimu. Majahazi mengi yaliteketezwa baharini palepale kwa maelezo kwamba hayakufaa kusafiri, na malalamiko kwamba miongoni mwao yalikuwamo ya wafanyabiashara halali yalifika hadi serikali ya Uingereza yenyewe. Ilijulikana pia kwamba mabaharia walilipwa tuzo kwa kila mtumwa aliyeokolewa au kwa tani za chombo kilichohukumiwa. Sielezi haya ili kuifanya hesabu ya makaa kuwa udhuru. Nayaeleza kwa kuwa kuutetea mchoro wa chombo si kuitetea kazi kilichotumwa, na msomaji wa pwani ana haki ya kuona mpaka huo.

Wenye mtazamo ule wa kawaida hujibu: hayo ni mahesabu ya baadaye, wakubwa wa Admiralti, makao makuu ya jeshi la majini, hawakuyajua, walipenda matanga tu. Jibu hili lingekuwa na nguvu kama Admiralti isingekuwa imejaribu. Mwaka 1865 ilizitoa Plymouth manowari tatu, Constance, Octavia na Arethusa, zishindane kwa mvuke hadi Madeira, kila moja ikiwa na injini ya mtengenezaji tofauti. Constance ilikuwa na injini iliyotumia mvuke uleule mara mbili, kwanza kwenye silinda ndogo kisha kwenye kubwa, na ndiyo iliyotumia makaa machache zaidi na kukaribia zaidi. Kukaribia tu: hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyofika Madeira kwa makaa yake, na Madeira kutoka Plymouth si safari ya kutisha. Huo ndio ushahidi waliokuwa nao mezani watu waliochora Condor na Gannet, na wakaitia injini ya mtindo huohuo wa kutumia mvuke mara mbili katika Gannet. Mpenda ukale hapimi mashine kwa tani na maili, kisha akainunua iliyoshinda.

Ushahidi mkubwa zaidi uko ndani ya Admiralti hiyohiyo. Mwaka 1871, miaka mitano kabla ya Condor, ilishushwa Devastation, manowari kubwa ya kivita isiyokuwa na matanga kabisa, iliyochorwa na Edward Reed. Kama maamiri walikuwa watumwa wa matanga, waliikubalije? Mwaka uliotangulia walikuwa wamepata funzo la kutisha kwa Captain, meli iliyobeba minara ya mizinga pamoja na matanga kamili, ambayo Reed aliipinga tangu mwanzo. Ilipinduka usiku wa Septemba 1870 ikazama na watu karibu 480, akiwemo Cowper Coles aliyeibuni. Kwa meli kubwa za kupigana Ulaya, karibu na makaa na karibu na gudi, milingoti ilianza kuondolewa. Kwa vyombo vidogo vya kukaa Pasifiki, China na Bahari ya Hindi ilibakizwa. Taasisi moja, katika muongo mmoja, ilitoa majibu mawili kwa maswali mawili tofauti. Kuliita jibu la kwanza busara na la pili ukaidi ni kusoma nusu ya daftari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, na tangu 1872 kampuni ya British India ilikuwa ikileta stima za barua kutoka Aden hadi Unguja. Kama stima ya biashara iliweza, manowari ilishindwaje? Tofauti iko katika namna ya kusafiri. Stima ya barua ina mstari: inajua inatoka wapi, inafika lini, na inakuta makaa mwisho wa njia, gharama inalipwa na abiria, mzigo na mkataba wa serikali. Manowari ya doria haina mstari. Inaweza kutumwa leo Seychelles, kesho kukaa mwezi mzima mbele ya bandari isiyo na hata kikapu cha makaa, kisha kuitwa Bombay ghafla. Barabara ya basi haimfai mwindaji. Gannet yenyewe ilitumwa baadaye kwenye doria za Bahari ya Shamu, na mwaka 1888 ikashiriki kuilinda Suakin, na huko, karibu na Aden na Suez, ni kweli injini ilikuwa na nafasi kubwa kuliko Pasifiki. Lakini chombo hakikuundwa kwa kituo kimoja. Kiliundwa kitumike popote ambapo London ingekituma, na mchoro ulipaswa kuvumilia mahali pabaya kuliko pote.

Pingamizi la tatu ni la gharama, na hapa sitaki kupunguza kitu. Milingoti na kamba zake hukamata upepo chombo kinapokwenda kwa injini kuelekea upepo uliko. Kamba za kushikilia milingoti huzuia mizinga kugeuka pande zote. Matanga yanadai mabaharia wengi wa kupanda juu, na Gannet ilibeba watu karibu 140, ambao wangehitajika wachache zaidi kwa injini peke yake. Wapo pia waliolipa kwa maisha yao. Wasp, boti ya mizinga, ilikuwa ikisafiri kwa matanga Septemba 1884 ilipogonga miamba ya kisiwa cha Tory, kaskazini-magharibi mwa Ireland, na watu 52 wakafa. Sita tu waliokoka. Wapinzani wa matanga huitaja Wasp kama hitimisho la kesi. Mimi naona inathibitisha kinyume. Wasp haikuwa Pasifiki. Ilikuwa nyumbani, siku chache kutoka kwenye makaa yasiyo na ukomo, na kuokoa makaa mahali pale kulikuwa kuhamisha desturi ya bahari za mbali kwenda mahali ambapo sababu yake haikuwepo. Kilichopaswa kulaumiwa Tory ni agizo la matumizi. Mchoro wa chombo hauna hatia hapo.

Na ile simulizi ndogo ya pwani, kwamba moshi uliushinda upepo? Inajengwa zaidi juu ya asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, wakati Thrush, Sparrow na Racoon zilipoishambulia kwa mizinga kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa nzima, Glasgow, meli ya Sultani, ikazamishwa, huku upande wa Sayyid Khalid, aliyekuwa ameishika kasri hiyo, ukipoteza watu takriban 500, waliokufa na waliojeruhiwa. Ni picha isiyosahaulika, na si ajabu imefunika miongo yote iliyotangulia. Lakini Thrush ni chombo cha 1889, kilichotia nanga mbele ya shabaha isiyosogea, ndani ya bandari yenye makaa. Siku ile haisemi chochote kuhusu miaka ya 1860 na 1870, ambapo nahodha wa Kiingereza aliingoja kusi kama nahodha wa Sur alivyoingoja, akitazama mbingu zilezile, kwa sababu chini ya miguu yake zilikuwepo siku sita tu za uhuru kutoka kwa upepo. Tofauti kati yake na nahodha wa jahazi ilikuwa kubwa, na ilikuwa katika mizinga, mikataba na bendera kuliko katika mwendo.

Utetezi huu una mwisho wake, na ni haki kuutaja. Kufikia miaka ya 1890 injini zilizotumia mvuke mara tatu zilipunguza sana makaa yaliyohitajika kwa maili moja, vituo vya makaa viliongezeka, na waya wa simu wa chini ya bahari, uliofika Unguja mwaka 1879, ulimaanisha kwamba manowari haikulazimika tena kuzurura ikitafuta habari. Ingeweza kungoja bandarini ikaitwa. Hoja zote nilizozitoa ziliyeyuka moja baada ya nyingine. Hata hivyo Condor ya pili, iliyoshushwa 1898, ilipewa matanga, na Desemba 1901 ikapotea karibu na kisiwa cha Vancouver pamoja na watu wote waliokuwemo. Baada ya hapo Admiralti ikaacha matanga katika vyombo vya namna hiyo. Hapo, na si kabla, neno ukaidi linafaa. John Fisher alipoingia uongozini Oktoba 1904 na kufuta manowari kwa makumi, akidai kwamba vyombo hivi vidogo ni dhaifu mno kupigana na vya polepole mno kukimbia, alikuwa sahihi kwa mwaka ule. Waliochukua kauli yake wakairudisha nyuma hadi 1876 ndio waliokosea, kwani Barnaby hakuambiwa achore chombo cha kupigana na meli ya Ujerumani wala cha kuikimbia. Aliambiwa achore chombo cha kukaa mbali miaka mitatu kwa tani 150 za makaa kwa wakati mmoja, na wapinzani wake hadi leo hawajaonyesha kwamba kwa vifaa vya mwaka ule kilikuwepo chombo kisicho na matanga ambacho kingeiweza kazi hiyo.